Upasuaji wa Kunyanyua Matiti: Mwongozo Kamili, Kuanzia Uamuzi Hadi Kovu Kupoa

Wengi wanaofikiria upasuaji wa kunyanyua matiti huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama unauma. Ni maswali ya haki. Ila mimi ningekuuliza mengine mawili kabla ya hayo. Uko tayari kuishi na makovu maisha yako yote? Na nyumbani kwako yupo mtu wa kuchota maji, kufua na kumbeba mtoto kwa wiki 6, wewe ukiwa umeketi? Upasuaji wenyewe huchukua saa 2 hadi 3 hivi, na hapo mwenye kazi ni daktari. Baada ya hapo kazi inakuwa yako, kwa wiki na miezi, na humo ndimo matokeo mazuri yanamolindwa au kuharibika. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi nyumbani kuliko hospitalini.

Hatua ya 1: Jua maziwa yako yamelala kwa kiasi gani

Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi pamoja na kano laini zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la daktari Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Kano hizo na ngozi zikishavutika hazijirudi zenyewe. Krimu, mafuta ya kukanda na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa ahadi ya "kusimamisha maziwa" havina uwezo wa kufupisha ngozi iliyolegea. Mazoezi ya kifua yanajenga msuli ulio nyuma ya titi, jambo zuri kiafya, lakini chuchu hubaki pale ilipo.

Kinachoyalaza ni umri, idadi ya mimba, uzito unaopanda na kushuka, ukubwa wa matiti yenyewe, na sigara. Wengi huongeza kunyonyesha kwenye orodha hiyo, na wanakosea. Utafiti wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, uliwaangalia wanawake waliokwisha kupata ujauzito na haukuona kwamba kunyonyesha kunaongeza kulala kwa matiti. Mimba ndiyo inayoyabadilisha. Mama asimnyime mtoto ziwa kwa hofu hiyo.

Simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono ikining'inia. Tazama mkunjo ulio chini ya titi, pale linapokutana na kifua, kisha tazama chuchu imekaa wapi. Madaktari hutumia mpangilio uliowekwa mwaka 1976: chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, ni daraja la kwanza, ikiwa chini ya mkunjo lakini bado inatazama mbele, la pili, ikiwa sehemu ya chini kabisa ya titi na inatazama sakafu, la tatu. Kuna pia titi ambalo chuchu yake iko juu ya mkunjo ila nyama imeshuka chini yake, na hilo huenda lisihitaji kunyanyuliwa kwa njia ile ile.

Kama shida yako kubwa ni uzito, yaani mgongo unauma, mikanda ya sidiria imechimba mabega, na chini ya matiti kuna upele usiokwisha, zungumza na daktari kuhusu kupunguza matiti. Upasuaji huo hunyanyua pia, na kwa kuwa una sababu ya kiafya, ni halali kuuliza bima yako kama itachangia. Kunyanyua kwa ajili ya umbo peke yake, bima kwa kawaida hailipi.

Hatua ya 2: Angalia kama wakati umefika

Kama bado unataka kuzaa, subiri. Mimba nyingine itavuta ngozi upya na fedha yako itakuwa imepotea. Wanaopasuliwa kabla ya kumaliza uzazi wengi bado wanaweza kunyonyesha, lakini hakuna daktari mkweli atakayekuhakikishia hilo. Kama umetoka kunyonyesha, ngoja angalau miezi 3 hadi 6 baada ya maziwa kukauka, ili titi litulie kwenye ukubwa wake.

Uzito nao uwe umetulia kwa miezi 6. Ukiwa katikati ya safari ya kupungua, maliza kwanza kupungua.

Na jambo hili nalisema kwa uzito wote: kama anayetaka upasuaji ni mumeo, au mtu aliyekutania mwili wako, usiende bado. Kovu litabaki kwako hata yeye akiondoka. Mwanamke anayeamua kwa ajili ya nafsi yake, akijua anapata nini na anatoa nini, huyo ana haki kamili ya kufanya hivyo bila kuonewa aibu na mtu.

Hatua ya 3: Mchunguze daktari kabla hajakuchunguza

Unayemtafuta ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Daktari wa kawaida aliyehudhuria kozi fupi ya urembo hatoshi, na mwenye saluni yenye kitanda cheupe ndiyo kabisa. Kenya, jina la daktari na la kituo chake hukaguliwa kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, na mabingwa wa fani hii wana chama chao, KSPRAS. Tanzania Bara, usajili uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukaguzi huu una maana kubwa. Mwaka 2024 mwanamke alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta katika kliniki moja ya Nairobi, na KMPDC ikaifunga kliniki hiyo.

Ukikaa mbele yake, uliza: Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Naomba kuona picha za wanawake wenye ngozi nyeusi kama yangu, siyo za wiki ya pili bali za mwaka mmoja baadaye. Nani atanipa dawa ya usingizi, na yeye amesajiliwa? Nikitokwa damu saa 8 usiku, nitampigia nani? Chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Kidonda kikifunguka, marekebisho nitalipia mimi? Daktari mzuri hatakereka. Anayekuambia ulipe leo upate punguzo, muage kwa heshima uende zako.

Bei uiombe kwa maandishi ikiwa nzima: daktari, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipimo, dawa, sidiria maalumu, na mahudhurio ya baadaye.

Wanaofikiria kwenda India, Uturuki au Dubai wapime pia safari ya kurudi. Mwongozo unaotumika Uingereza unashauri kungoja siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda miguuni. Mimi ningekaa zaidi, mpaka daktari akague mshono. Na kabla ya kuondoka nyumbani, uwe umeshampata daktari atakayekuhudumia ukirudi. Si kila daktari hupenda kupokea kidonda cha mwenzake.

Hatua ya 4: Elewa kovu lako litakaa wapi

Hapa ndipo pa kukaa kitako na daktari, maana kila njia ya kunyanyua ina kovu lake.

Titi lililolala kidogo tu huweza kutengenezwa kwa kukata mduara kuzunguka eneo jeusi la chuchu. Kovu ni dogo na limejificha mpakani mwa rangi mbili, lakini nguvu ya kunyanyua ni ndogo vilevile, na ukilazimisha njia hii kwenye titi zito, eneo jeusi hutanuka na titi hubapa. Lililolala wastani hukatwa mduara pamoja na mstari mmoja unaoshuka wima hadi kwenye mkunjo. Lililolala sana hukatwa hivyo na kuongezewa mstari wa tatu unaofuata mkunjo wa chini, umbo la nanga. Daktari anayekuahidi matokeo ya njia ya nanga kwa kovu la mduara anakuuzia maneno.

Kwa njia nyingi zinazotumika leo, chuchu haitolewi mwilini. Inahamishwa juu ikiwa imeshikana na nyama na mishipa yake ya damu. Pale titi linaposhuka mno, mara chache hulazimika kukatwa na kupandikizwa upya, na hapo hisia na uwezo wa kunyonyesha hupotea. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya chuchu nayo huweza kupauka kwa mabaka. Uliza wazi: yangu ni ipi?

Kwetu watu weusi, makovu yanayovimba na keloidi ni ya kawaida kuliko kwa weupe. Tazama mwili wako: sikio ulilotoga, mshono wa uzazi, chanjo ya begani, kidonda cha utotoni. Kama popote kovu lilivuka mpaka wake na kuota nje, mwambie daktari, na uwe tayari akikushauri usifanye. Kifua ni mojawapo ya sehemu ambazo keloidi huzipenda.

Kunyanyua hakuongezi ukubwa, na mara nyingi titi huonekana dogo kidogo baadaye. Ukitaka kujaza sehemu ya juu, daktari anaweza kupendekeza kipandikizi cha silikoni. Jua kwamba kipandikizi si cha maisha, kitahitaji kufuatiliwa na huenda kubadilishwa, na kufanya yote mawili kwa wakati mmoja huongeza uwezekano wa kurudi thieta.

Hatua ya 5: Vipimo na maandalizi ya mwili

Utapimwa wingi wa damu, sukari, presha na ujauzito. Kwetu ningeongeza kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hata kama hujawahi kuumwa, kwa sababu mtaalamu wa usingizi anatakiwa kujua. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubazwa anaweza kupasuliwa. Aseme tu dawa anazotumia. Kama una miaka 40 au zaidi, au mama yako, dada au shangazi aliugua saratani ya matiti, fanya mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kabla. Uvimbe wowote uchunguzwe kwanza, urembo ungoje.

Sigara, shisha, ugoro na vepu viachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyohamishwa inategemea mishipa hiyo hiyo. Ikikosa damu, inakufa. Hakuna sharti katika mwongozo huu lililo zito kuliko hili.

Mweleze daktari kila unachomeza. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, vidonge vya kitunguu saumu na vitamini E huongeza kutokwa na damu, na kwa kawaida utaambiwa uviache wiki 1 hadi 2 kabla. Dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache mwenyewe bila kuulizia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vitajwe, kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuganda. Dawa za mitishamba pia zitajwe. Daktari hatakucheka, na akikucheka mtafute mwingine.

Hatua ya 6: Andaa nyumba kabla ya kulipa

Kaa na watu wa nyumbani mgawane kazi. Kwa wiki 4 hadi 6 hutainua kitu chenye uzito unaozidi kilo 2 au 3, na mikono haitapanda juu ya mabega. Fikiria maana yake katika siku yako halisi. Ndoo ya lita 20 haishikiki. Ugali wa familia husongi, nazi hukuni, kinu hutwangi, mashuka hukamui, mtungi wa gesi huubadilishi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anazidi kilo hizo mara nyingi, kwa hiyo mzoeshe mapema kupanda kitandani akufuate badala ya kunyanyuliwa. Kumbeba mgongoni hakuwezekani kabisa: kanga hufungwa kifuani, juu ya mshono.

Kama huna mtu wa kushika kazi hizo, ahirisha mpaka dada au mama aweze kuja. Kuahirisha hakuna gharama. Mshono uliochanika una gharama.

Shusha vyombo vya kila siku kutoka rafu za juu. Nunua magauni na mashati ya kufungua mbele, au madira mapana unayoweza kuyaingia kwa miguu. Weka mito ya kutosha ya kulala umeinuka. Sidiria iwe ya kufungia mbele, laini, isiyo na waya, na ziwe mbili ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Pika vyakula vya kuhifadhi kwenye friji, maharage, samaki, mayai, kwa kuwa mwili hujenga ngozi kwa protini. Mapapai na maji mengi yatakusaidia kwenda choo, maana dawa kali za maumivu kama tramado hufunga tumbo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Huli chakula kwa saa 6 kabla, na maji meupe huishia saa 2 kabla, isipokuwa mtaalamu wa usingizi akuelekeze vingine. Oga, usijipake mafuta wala manukato, ondoa kucha za bandia na rangi ya kucha. Daktari atakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala titi huhama. Mwombe akueleze mistari hiyo ukiwa bado macho. Wengi hupewa nusu kaputi. Utaamka umefungwa bandeji au sidiria ya kubana, pengine na mirija midogo ya kutoa damu, inayoondolewa baada ya siku chache. Wengine hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, wengine hulala usiku mmoja.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo zenye maumivu zaidi: kubanwa, uzito, kuchomachoma. Parasetamo hutosha kwa wengi ikimezwa kwa saa zake, gramu 1 kila saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku, na ile kali iachwe kwa usiku. Kumbuka kwamba baadhi ya dawa za mafua na za maumivu zina parasetamo ndani yake.

Lala chali, mito ikikuinua. Tembea chumbani tangu siku ya kwanza, mara kadhaa kwa siku, ili damu isigande. Kuinama mbele hukusukumia damu kifuani, kwa hiyo anayeswali aswali akiwa ameketi kwa siku hizo. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo. Kuoga huruhusiwa kwa wengi baada ya saa 48, maji yapite bila kusugua, kisha pakaushwe kwa kugusagusa. Kulowa kwenye beseni au kuogelea kungoje wiki kadhaa.

Sasa kuna jambo la kwetu. Mama au shangazi akija kukuuguza, kwa upendo wake, anaweza kutaka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi, au kukufunga kanga kifua kizima. Mzuie kwa adabu na mapema. Joto hupanua mishipa na kuleta damu, ngozi iliyopasuliwa haina hisia na inaungua bila wewe kujua, na kanga inayobana huweza kukata damu ya chuchu. Asali, binzari, dawa ya meno na unga wa vidonge havipakwi kwenye mshono. Mpe kazi nyingine: uji, supu, na kuwapunguza wageni.

Matiti yatakuonekania ya ajabu wakati huu, yamepanda juu mno, chini yamebapa, moja limevimba kuliko lenzake. Usiyapime kwa jicho lako bado.

Dalili za kukimbilia hospitali

Titi moja likivimba ghafla, likawa gumu na kuuma kuliko jingine, hasa saa 24 hadi 48 za mwanzo, huenda damu inakusanyika ndani na inahitaji kutolewa mara moja. Chuchu ikibadilika kuwa ya kijivu, bluu au nyeusi kuliko ilivyokuwa, usingoje asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikatika na kifua kikichoma, ni dharura. Damu iliyoganda inaweza kuwa imefika mapafuni.

Kuhusu maambukizi, maelekezo mengi husema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika. Wewe tumia mgongo wa mkono: eneo lina joto kuliko pembeni? Maumivu yaliyokuwa yanapungua yamerudi kupanda? Kuna usaha, harufu, ngozi inayong'aa kwa kuvimba, au homa inayozidi nyuzi 38? Hayo yanatosha kukupeleka.

Pale mistari miwili inapokutana chini ya titi, kijidonda kidogo kinaweza kufunguka wiki ya pili au ya tatu. Hutokea mara nyingi, na kwa kawaida hupona kwa kusafishwa na kufungwa. Mwonyeshe daktari, na usikishone mtaani.

Hatua ya 9: Wiki ya pili hadi ya sita

Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki 1 hadi 2. Muuza duka anayepanga katoni, muuguzi anayegeuza wagonjwa, mkulima na mama lishe wangoje wiki 6. Gari uendeshe ukiwa umeacha dawa kali na unaweza kukata usukani ghafla bila maumivu. Bodaboda na daladala za kusukumana ziache kwa wiki hizi. Mkanda wa gari uwekewe kitambaa laini. Sidiria ivaliwe usiku na mchana kwa muda utakaoambiwa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Tendo la ndoa linaweza kurudi baada ya wiki 2 hivi, matiti yakiachwa bila kuguswa, na mwenzio aelezwe kabla.

Huu ndio wakati wa hatari kwa mwanamke mchapakazi. Maumivu yameisha, nyumba imechafuka, mikono inawasha. Ngozi imeunga kwa juu tu, ndani bado. Shikilia makubaliano mliyoweka.

Hatua ya 10: Kulilea kovu

Kidonda kikiwa kimefunga kabisa, kwa kawaida wiki ya 2 hadi ya 4, muulize daktari kuhusu bandeji au jeli ya silikoni. Bandeji hiyo huvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 2 hadi 3. Kovu lisipigwe na jua, maana huweza kukolea weusi. Krimu za kujichubua zisiliguse hata kidogo. Ukiona linawasha, linaota na kuwa gumu, rudi mapema, kwa sababu sindano ya steroidi hufanya kazi vizuri kovu likiwa changa. Kwa mwaka mzima, hadi miezi 18, kovu linaendelea kubadilika.

Miezi inayofuata

Umbo hushuka na kutulia kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na hapo ndipo ununue sidiria nzuri za kupimwa. Hisia ya chuchu inaweza kupotea, au kuwa kali mno, kisha kurudi polepole ndani ya mwaka. Kwa baadhi hairudi kikamilifu. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto hubaki, kama ilivyokuwa kabla.

Umri utaendelea na kazi yake, na uzito ukipanda na kushuka matiti yatalala tena, ingawa mara nyingi si kama zamani. Endelea kujichunguza kila mwezi mara tu maumivu yakiisha, ujifunze titi lako jipya lina sehemu ngumu zipi za kawaida kandokando ya mshono. Kwenye mamografia yoyote ya baadaye, mwambie mpiga picha kwamba uliwahi kupasuliwa na mwaka gani, kwa sababu makovu ya ndani huonekana kwenye picha na yanaweza kudhaniwa uvimbe. Picha ya kwanza baada ya upasuaji, miezi 6 hadi 12 baadaye kama daktari ataagiza, itunze pamoja na ripoti ya upasuaji.